Wana wa Eastlands na mtihani usiokwisha wa Kiingereza

JUMAMOSI moja mwezi uliopita niliingia katika maktaba ya Makadara nikitafuta gazeti fulani la zamani. Gazeti sikulipata. Nilichokikuta ni meza nzima ya watu walioinamia vitabu vinene, spika ndogo masikioni, midomo ikichezacheza kama ya watu wanaosali kimoyomoyo. Nilidhani ni wanafunzi wa chuo wanaokaribia mitihani ya muhula. Kumbe ni watu wazima wenye kazi zao: muuguzi, mhasibu, fundi wa maabara na kijana mmoja aliyekuwa akitafuta nafasi ya shahada ya pili Kanada. Wote walikuwa wakijiandaa kwa IELTS, mtihani wa kupima umilisi wa Kiingereza.

Muuguzi yule, mkazi wa Umoja, aliponisikia nikimuuliza mhudumu swali kwa Kiswahili cha darasani, alicheka kidogo akataka kujua kama mimi ni mwalimu. Nikakiri.

"Basi mwalimu niambie ukweli," akasema. "Mimi nimesoma na Kizungu tangu nasari. KCPE Kizungu, KCSE Kizungu, chuo cha uuguzi Kizungu. Ripoti za wodi naandika na Kizungu kila siku. Sasa hawa watu wanataka nithibitishe nini tena?"

Nilimpa jibu la kijuujuu, lile la kwamba kila nchi ina masharti yake. Tangu siku hiyo swali lake limenikaa rohoni. Nimelifuata nyuma, na naona kwamba ni la zamani kuliko nyumba za Umoja zenyewe.

Mitaa tunayoiita Eastlands, au Eastlando kwa vijana, haikuota yenyewe. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua wa Kiafrika wakae upande wao wa mji, karibu na reli na viwanda, mbali na makao ya wakubwa. Pumwani ilianza miaka ya 1920. Zikafuata Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Shirika la reli nalo likawa na Muthurwa na Makongeni ya wafanyakazi wake. Katika mitaa hii watu waliombana chumvi kwa Kiswahili, na chumbani kila mtu alirudi kwenye lugha ya kwao. (Hata majina ya mitaa yana siri zao: Mbotela ilipewa jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, wa ile familia ya James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*.) Kiingereza kilikaa ng'ambo ya barabara: ofisini, mahakamani, kwenye fomu na kwenye barua za kuachishwa kazi. Aliyekijua alikuwa karani. Asiyekijua alibeba mizigo.

Ndiyo maana kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ni shughuli kongwe sana huku kwetu. Watu walirudi kutoka kazini, wakala, wakawasha taa ya mafuta, wakafungua masomo yaliyokuja kwa posta. Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni mmoja wa waliosoma kwa njia hiyo kabla ya kwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Yeye tunamkumbuka kwa sababu alifika. Waliokesha vilevile wasifike, historia haikuwaandika.

Ila mmoja wao tunaye, ingawa jina lake hatulijui. Katika *Decolonising the Mind*, Ngũgĩ wa Thiong'o anamkumbuka mvulana waliyesoma naye Limuru mwaka 1954. Kijana huyo alipata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, ambacho alianguka. Kwa kuwa aliyeanguka Kiingereza alihesabiwa kuwa ameanguka mtihani mzima, mlango ukafungwa. Ngũgĩ anasema mwenzake huyo aliishia kuwa utingo katika kampuni ya mabasi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake katika masomo mengine hazikuwa za kutisha, alifaulu Kiingereza na akaenda Alliance. Nikipita Machakos Country Bus na kuona utingo wanavyopanga mizigo juu ya basi kwa hesabu kali ya uzito na nafasi, humkumbuka kijana huyo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa cheti cha Cambridge kilichotolewa mwisho wa sekondari. Hata uwe bingwa wa hisabati, bila Kiingereza hukuwa na cheti. Kwa hivyo Kiingereza hakikuwa somo miongoni mwa masomo. Kilikuwa lango, na mtahini alikuwa bawabu.

Neno lenyewe "mtihani" linastahili kutazamwa. Limetoka katika Kiarabu, na pwani hadi leo lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Mtihani ni karatasi ya maswali. Mtihani pia ni msukosuko ambao Mungu humletea mja kumjaribu. Mtu aliyefiwa au aliyeunguliwa na nyumba huambiwa kwamba huo ni mtihani, avumilie. Sisi wa bara tulibaki na karatasi tukaisahau ile maana nyingine. Nadhani muuguzi wa Umoja, bila kujua, alikuwa akiuliza swali lake kwa maana zote mbili.

Mitihani ya Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho nayo ina historia yake. Cambridge ilitunga wa kwanza mwaka 1913. Uliendelea kwa saa 12 jumla na ulikuwa na tafsiri, sarufi, insha, fasihi, fonetiki na mazungumzo. Waliojitokeza walikuwa watu watatu, na wote watatu walianguka. Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki wao hucheka, lakini kina funzo la kiisimu: mtihani ule ulimpima mtu kama mwalimu wa Kiingereza wa wakati ule alivyotaka awe. Kama angeweza kununua samaki London bila kupunjwa, hilo halikuwa na alama.

Sasa tazama ajabu hii. Septemba 1959, Mboya na rafiki zake wa Marekani walipowasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege moja kwenda kusoma huko, hakuna hata mmoja wao aliyefanya TOEFL. Mtihani huo haukuwapo. Ulianza kutolewa mwaka 1964. Safari zile ziliendelea hadi 1963 na kuchukua takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa walioondoka mwaka 1960, akaenda Kansas. Vyuo vya Marekani viliwapima kwa vyeti vyao na kwa barua walizoandika wenyewe. Maofisa wa kikoloni Nairobi walikunja nyuso wakisema kwamba vyuo hivyo vinapokea watu ambao hawajafikia kiwango cha Uingereza.

Barack Obama, baba wa yule rais, aliondoka mwaka huo huo wa 1959 kwa njia yake mwenyewe. Hakuwa amemaliza shule ya Maseno. Nairobi alifanya kazi ya ukarani kwa Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuja kuendeleza elimu ya kusoma na kuandika kwa watu wazima. Huku akisaidiwa naye, alisoma kwa posta, akatuma maombi kwa vyuo vingi na kukubaliwa Hawaii. Barua nzuri ilitosha. Leo barua nzuri, hata ikiwa imeandikwa na malaika, haisogei bila namba ya cheti cha lugha.

Kwa upande wa Uingereza, mtihani wa ELTS ulianza mwaka 1980, na mwaka 1989 ukageuzwa kuwa IELTS tunaoujua. Ada yake inapita kodi ya miezi kadhaa ya chumba kimoja pale Kayole. Na matokeo yake yana muda: miaka miwili tu, kisha umilisi wako unahesabiwa kuwa umechacha kama maziwa ya pakiti.

Nirudi nyumbani, kwa sababu muuguzi alisema "tangu nasari", na hilo si jambo la kupita hivi hivi. Mwaka 1957 wakuu wa elimu walianza hapa Nairobi, katika shule za watoto wa Kihindi, jaribio la kufundisha kila kitu kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Miaka michache baadaye mpango huo uliingia katika shule za Waafrika. Tulipopata uhuru, tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliuunga mkono. Jambo lililoanza kama jaribio la mjini likawa ndoto ya taifa. Tume ya Gachathi ya 1976 ilijaribu kurudisha lugha za watoto katika madarasa ya chini, lakini wazazi wa mjini walikuwa wamekwisha kuamua. Kiswahili kilisubiri hadi 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, ndipo kikawa somo la lazima lenye mtihani.

Mimi nililelewa Jericho, na shule yangu ya msingi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na "diski". Ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika ukisema Kiswahili au Sheng siku isiyo yake, unavishwa shingoni, nawe unamvizia mwenzako akosee umpitishie. Aliyekuwa nayo kengele ya jioni ikilia alichapwa. Tulijifunza mbinu nyingi za kukwepa diski, na kubwa kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Mtoto anayenyamaza hakosei. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba shule ile ilitufundisha Kiingereza cha kusoma na kuandika, na wakati huo huo ikatufundisha kuogopa kukisema.

Hata bunge letu lilikuwa na mlango wa namna hiyo. Katiba ya zamani ilimtaka mgombea ajue kusema na kusoma Kiswahili na Kiingereza kiasi cha kushiriki shughuli za bunge. Lakini tusikae huko, wabunge wana watu wa kuwatetea.

Jibu la swali la muuguzi, kwa maoni yangu, limo katika karatasi zetu wenyewe za KCSE. Chukua karatasi ya kwanza ya Kiingereza. Ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za mazungumzo. Nusu nzima! Mgeni akisikia hivyo atadhani kwamba watahiniwa wetu huketi mbele ya mtahini wakazungumza. La. Mtahiniwa huandika. Huonyesha kwa kalamu silabi inayotiliwa mkazo. Huandika jozi ya maneno yanayotamkwa sawa. Hupewa mazungumzo yenye mapengo na kuyajaza kwa wino, halafu hueleza kwa maandishi jinsi ambavyo angesimama, angepaza sauti na angewatazama wasikilizaji machoni, kama angekuwa anazungumza. (Sisi wa Kiswahili tusicheke sana. Fasihi simulizi tunaitahini kwa kalamu vilevile.) Kuna sababu zake: watahiniwa ni mamia ya maelfu, na kumsikiliza kila mmoja kwa dakika kumi kungehitaji jeshi la walimu. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba Mkenya anaweza kutoka nasari hadi diploma bila mtu yeyote kumpa alama kwa jinsi anavyosikia na anavyosema Kiingereza.

IELTS inaanzia pale pale tulipoacha. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, na sauti hupigwa mara moja tu. Hakuna kumwambia mwalimu arudie. Hapo ndipo fonolojia inapouma. Kiswahili kina irabu tano safi, nasi tumezoea kupanga sauti zote za dunia katika vyumba hivyo vitano. Kiingereza cha Uingereza kina irabu karibu 20, ukihesabu zile zinazoungana. Kwa sikio la Eastlands, *ship* na *sheep* ni ndugu mapacha, na *bad*, *bird* na *bud* wanalala kitanda kimoja. Kati yetu wenyewe hakuna tatizo, muktadha unatuokoa. Katika mtihani, muktadha mara nyingi ni sekunde tatu za mtu anayetaja namba ya simu, na *thirteen* na *thirty* zinatofautiana kwa pumzi tu.

Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Katikati yake mtahiniwa hupewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujipanga, kisha anatakiwa aseme peke yake hadi dakika mbili. Jaribu nyumbani, msomaji, kwa lugha yoyote, hata ya mama yako. Dakika mbili ni ndefu kama foleni ya Jogoo Road siku ya mvua. Watu wengi wa meza ile ya Makadara waliniambia kwamba hapa ndipo wanapokwama. Maneno wanayo. Kinachowakwamisha ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaachia nafasi waseme dakika mbili bila kukatizwa. Wengine huanza *kutweng*, yaani kuiga lafudhi ya ng'ambo, wakidhani kwamba hiyo ndiyo inayotafutwa. Mtahini anataka kueleweka. Lafudhi ya Makadara haimkosesheni alama.

Na kuandika? Huko ndiko wanakodhani wako salama, na ndiko kunakowashangaza. Shuleni tulifundishwa insha ya mapambo: jua lililotabasamu, ndege walioimba kwa furaha, moyo uliodunda kama ngoma. Tulikariri misemo hiyo kurasa kwa kurasa na kupata alama nzuri. Kazi ya kwanza ya IELTS ya wasomi inakupa mchoro wa takwimu na dakika kama 20 uueleze kwa maneno 150. Hakuna jua wala ndege. Mtu aliyefunzwa kupamba anaambiwa apime. Nimesoma rasimu ya mhasibu wa meza ile. Alianza kwa kusema kwamba tangu zama za Adamu mwanadamu amependa kunywa chai.

Haya yote yalilipuka hadharani mwaka 2021. Julai mwaka huo Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaruhusu wauguzi wetu wakafanye kazi huko. Novemba, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 tu waliopita. Nchi ilicheka, kisha ikakasirika. Wapo waliolaumu vyuo vya uuguzi, na wapo waliolaumu Sheng, kama kawaida. Kila Kiingereza kinapoanguka Kenya, mtoto wa Eastlands ndiye anayetiwa pingu kwanza.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo. Mwanaisimu Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu Sheng, anaitazama kama aina ya Kiswahili cha Kenya kinachokua. Mtu akisema Sheng stejini na Kiingereza wodini, anabadilisha msimbo, na hiyo ni stadi, si ugonjwa. Wala wenye lugha hawajasalimika. Mwaka 2017 magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba wauguzi waliotoka Australia, waliozaliwa wakisema Kiingereza, walikuwa wakianguka sehemu ya kuandika. Baraza la wauguzi la Uingereza lilikuwa likitaka alama 7 katika kila sehemu. Mwisho wa 2018 likashusha kuandika hadi 6.5. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe anagonga kichwa kwenye mlango, labda mlango umejengwa chini.

Kuna hoja nyingine ambayo hutolewa kwa uchungu, na hapa naomba tuwe wakweli. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawaulizwi mtihani wa lugha. Jamaika imo, Barbados imo, Guyana imo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Mwaka 2021 vijana wa Nijeria waliandika ombi la kupinga jambo hilo, na jibu walilopewa ni kwamba hakuna ushahidi kwamba zaidi ya nusu ya watu wao wana Kiingereza kama lugha ya kwanza. Jibu hilo ni la kuudhi, lakini kwa upande wetu Waingereza wametushika pabaya. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Sisi wa ukumbi huu tulishangilia kifungu hicho. Hatuwezi kusema asubuhi kwamba Kiswahili ndicho chetu, na jioni tukaenda ubalozini kuapa kwamba Kiingereza ndicho tulichonyonya. Tunachoweza kudai ni kwamba nchi iliyotupangia mitihani yake tangu siku za Cambridge inaijua vizuri historia hiyo, na ingeweza kusoma vyeti vyetu bila kutulipisha upya.

Wiki mbili baadaye nilirudi Makadara, safari hii bila kisingizio cha gazeti. Maktaba yenyewe, pamoja na ile ya Kaloleni, ni matawi ya McMillan, jengo la mjini lililofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk limezikarabati, na sasa nafasi ya kukaa inagombewa. Meza ilikuwa imeongezeka watu wawili. Wamebuni utaratibu wao: mmoja anasoma kadi, mmoja anashika saa ya simu, waliobaki wanasikiliza na hawaruhusiwi kucheka. Hakuna diski.

Zamu ya muuguzi ilipofika, alipewa mada ya mahali anapopapenda. Alianza na utangulizi wa kukariri kuhusu fukwe za Mombasa, akapotea njia sekunde ya 30. Nikamwomba aache Mombasa. Akafikiri, kisha akaanza kueleza kwa Kiingereza nyumba ya nyanya yake Kaloleni: mti uliokuwa uani, mfereji waliopangia ndoo foleni, redio ya jirani iliyosikika nyumba nzima. Aliposita, alikosa neno la "kibaraza", akalieleza kwa kuzunguka, akaendelea.

"Dakika moja na sekunde hamsini," mwenye saa akasema.

Mtihani wake ni mwezi ujao, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Anasema atatoka Umoja saa kumi na moja alfajiri, maana matatu za kule akizijua yeye hazimjui mtahiniwa.